Kusoma Kiingereza cha Sekondari Mbali na Mwalimu

Katika kila kaunti ya Kenya wako watu wazima walioacha shule kabla ya kufika kidato cha nne. Wengine waliacha kwa kukosa karo, wengine kwa kufiwa na wazazi, na wasichana wengi kwa kuolewa mapema au kupata mtoto. Leo watu hao ni wakulima, askari, madereva, mafundi, wachuuzi na makarani. Kazi zao wanazijua vizuri. Lakini kila mara nafasi ya cheo au ya mafunzo inapotangazwa, huulizwa hati ya kidato cha nne, na anayeisoma hati hiyo hutazama upesi alama ya Kiingereza.

Mtu wa umri wa miaka thelathini na mitano hawezi kwa urahisi kurudi darasani na kukaa kiti kimoja na watoto wa rika la mwanawe. Ana shamba la kulima, au zamu ya usiku, au watoto wa kulisha. Kwa ajili ya watu kama hao yako masomo ya mbali, yaani masomo ambayo mwalimu na mwanafunzi hawakai chumba kimoja. Mwalimu hupeleka maelezo na maswali, mwanafunzi husoma kwake na kujibu kwa maandishi, kisha majibu hurudi kwa mwalimu kusahihishwa. Zamani yote hayo yalipita posta. Siku hizi mengi hupita katika simu na intaneti, lakini kazi yenyewe haikubadilika.

Yafaa kila anayefikiria kuanza masomo hayo ajue asili yake, mambo yanayofundishwa, namna somo moja linavyoendeshwa, na sababu zinazowafanya wengine kuishia njiani.

ASILI YA MASOMO YA POSTA

Masomo ya namna hii ni ya siku nyingi. Katika mwaka wa 1840 Serikali ya Uingereza ilianzisha stempu ya peni moja, na barua ikaweza kufika popote nchini humo kwa gharama ndogo. Wakati huo Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa posta: mwanafunzi alinakili maneno kwa hati hiyo, akayapeleka, na Pitman akamrudishia yakiwa yamesahihishwa. Angalieni kwamba tangu mwanzo jambo kubwa halikuwa kupeleka maelezo, maana maelezo hupatikana hata kitabuni. Jambo kubwa lilikuwa kurudishiwa kazi iliyosahihishwa.

Katika mwaka wa 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wasiosoma katika vyuo vyake kufanya mitihani yake. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha South Africa, kiitwacho Unisa, kilianza kufundisha kwa posta katika mwaka wa 1946. Kabla ya hapo kilikuwa kikitahini watu waliojisomea, na Nelson Mandela alimaliza shahada yake ya kwanza kwa njia hiyo akiwa anafanya kazi Johannesburg, akaipokea mwaka wa 1943. Hapa Kenya, Tom Mboya alipokuwa mkaguzi wa afya mjini Nairobi alijiandikisha kusoma uchumi kwa posta katika chuo kimoja cha Afrika Kusini, kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, katika mwaka wa 1955.

WALIMU WALIPORUDI KUWA WANAFUNZI

Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa walimu wa shule za msingi za Kenya. Tangu mwaka wa 1957 ulianza mpango wa kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na katika miaka ya kwanza ya sitini mpango huo ulienea katika shule nyingi. Tume ya Ominde, iliyotoa taarifa yake ya kwanza mwaka wa 1964, iliuunga mkono. Lakini walimu wengi wa shule hizo wenyewe hawakuwa wamepita shule ya msingi. Mtu alitakiwa kufundisha kila somo kwa lugha ambayo hakupata nafasi ya kujifunza sawasawa. Kuwatoa wote darasani na kuwapeleka chuoni kungewaacha watoto bila walimu.

Ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho siku hizo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilipoanzisha kitengo cha masomo ya posta katika kituo chake cha elimu ya watu wazima huko Kikuyu. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1967 kwa msaada wa Serikali ya Marekani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Walimu waliojiandikisha walisoma masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, Kiingereza kikiwa mojawapo, ili wafanye mtihani wa sekondari ya chini uliokuwapo siku hizo. Aliyefaulu aliweza kupandishwa daraja na kuongezewa mshahara.

Njia zilizotumika zilikuwa tatu pamoja. Vijitabu vya masomo vilikwenda kwa posta. Vipindi vya redio vilitangazwa na Sauti ya Kenya, ili mwanafunzi asikie lugha inavyotamkwa. Na wakati wa likizo za shule wanafunzi waliweza kukutana na walimu wao ana kwa ana kwa siku chache. Kila njia iliziba pengo la nyingine: kijitabu hakisemi, redio haisahihishi, na mkutano wa likizo hauwezi kudumu mwaka mzima. Anayetafuta masomo leo afadhali aulize kama chuo anachokitaka kina mambo hayo matatu kwa namna yoyote: maandishi, sauti, na mwalimu wa kuonana naye.

Nchi nyingine zilifuata njia kama hiyo. Tanzania ina Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo huwasaidia watu wazima kusoma masomo ya sekondari wakiwa makwao. Namibia ilipopata uhuru mwaka wa 1990 ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya Serikali, ingawa watu wengi walikuwa wamesomeshwa kwa Kiafrikaans. Chuo chake cha masomo huria, kiitwacho NAMCOL, kiliwekwa kwa sheria ya mwaka wa 1997, na Kiingereza ni mojawapo ya masomo yake ya sekondari.

MAMBO YANAYOFUNDISHWA

Wengi hudhani kwamba kusoma Kiingereza ni kukariri sarufi. Sarufi imo, lakini ni sehemu ndogo. Katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka wa 1989, somo la Kiingereza limekuwa na karatasi tatu zenye jumla ya alama 200, na alama za sarufi hasa ni 15 tu.

Karatasi ya kwanza ina alama 60. Ndani yake mna maandishi ya matumizi, kama barua, taarifa, kumbukumbu za mkutano au maelekezo. Mna kifungu chenye nafasi kumi za kujazwa. Na mna maswali ya matamshi na mazungumzo yenye alama 30. Karatasi ya pili, yenye alama 80, inapima ufahamu, ushairi au fasihi simulizi, sarufi, na dondoo kutoka kitabu kilichowekwa. Karatasi ya tatu ina insha tatu, kila moja alama 20. Moja ni ya kubuni, nyingine mbili ni juu ya vitabu vilivyowekwa.

Kwa hiyo mtu anayetumia miezi yote kujaza mazoezi ya sarufi, bila kuandika barua wala insha, amejiandaa kwa sehemu ndogo sana ya mtihani.

Katika fasihi mtu mzima ana faida ambayo kijana hana. Kitabu cha Margaret Ogola kiitwacho The River and the Source kimewahi kuwekwa katika mtihani huo. Ndani yake Akoko, binti wa chifu, anafiwa na mume na mwana, shemeji yake anajitwalia kiti na mali, naye anafunga safari hadi Kisumu kutafuta haki. Kijana husoma hayo kama kisa. Mjane aliyenyang'anywa shamba huyasoma kwa macho mengine. Vivyo hivyo tamthilia ya Henrik Ibsen iitwayo A Doll's House, ambayo nayo imewahi kuwekwa, inahusu mke aliyeghushi sahihi ya baba yake ili apate mkopo wa kumwokoa mumewe. Mtu aliyewahi kuweka sahihi yake kwa mkopo wa chama hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kinachobaki ni kujifunza kuandika alichokielewa, akitoa ushahidi kutoka katika kitabu. Vitabu hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, basi mtu asinunue kitabu kabla ya kuuliza kama bado kimo katika orodha ya mwaka wake.

JINSI SOMO MOJA LINAVYOKWENDA

Chukua mfano wa karani wa chama cha ushirika anayejifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Kijitabu kinampa kwanza shabaha: baada ya somo hili ataweza kuandika barua ya ukurasa mmoja. Kisha anaonyeshwa barua nzuri, anaelezwa sehemu zake, na anapewa mazoezi mafupi ambayo majibu yake yako nyuma ya kijitabu. Mazoezi hayo anajisahihisha mwenyewe. Mwisho anaambiwa aandike barua yake na kuipeleka kwa mwalimu.

Karani huyo anaanza barua yake kwa salamu ndefu, anauliza hali ya meneja na jamaa zake, kisha anaeleza shida za nyumbani, na katika fungu la tatu ndipo anaomba kazi. Kwa adabu ya Kiswahili hakukosa. Kuingia katika shida yako bila kumjulia mtu hali ni utovu wa adabu. Lakini barua ya kazi ya Kiingereza ina adabu yake nyingine: jambo husemwa katika mstari wa kwanza, na kumchelewesha msomaji ndiko kumkosea heshima. Tena wengi huona haya kuandika “Dear Sir” kwa mtu wasiyemjua, wakidhani neno hilo la kwanza ni la wapenzi. Katika barua halina maana hiyo. Ni kama “Kwa Bwana” tu. Na barua iliyoanza hivyo, bila jina la mtu, humalizika kwa “Yours faithfully”, ilhali ile iliyoanza kwa jina lake humalizika kwa “Yours sincerely”.

Mwalimu anapoirudisha barua hiyo, ameweka alama na maelezo pembeni. Hapa ndipo somo linapofaulu au kuharibika. Mwanafunzi akitazama alama tu, akaona ni 9 kwa 20, akakunja karatasi na kuiweka sandukuni, amelipa karo bure. Kijitabu angeweza kukiazima kwa jirani, lakini maelezo ya pembeni yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Mwanafunzi hodari huandika barua ile ile mara ya pili, akirekebisha kila palipoonyeshwa, hata kama mwalimu hakumtaka aipeleke tena. Tena huweka daftari dogo la makosa yake. Baada ya kazi nne au tano ataona kwamba hana makosa mia, bali ana makosa saba au manane yanayorudi kila mara. Maadui wanane wanaojulikana hupigwa kwa urahisi kuliko jeshi lisiloonekana.

MAKOSA YANAYOWASUMBUA WASEMAO KISWAHILI

Makosa mengi si ya uvivu. Yanatoka katika lugha ambayo mtu anaijua vizuri. Anayefahamu asili ya kosa huliacha upesi zaidi, na haya ndiyo yanayoonekana mara nyingi.

Kwanza, Kiswahili hakina maneno kama “a” na “the”. Mswahili husema, “Nilinunua kitabu. Kitabu kilikuwa ghali,” na kila mtu akaelewa. Kiingereza hutaka kitabu cha kwanza kiitwe “a book”, kwa kuwa msikilizaji hajakijua, na cha pili “the book”, kwa kuwa sasa amekwisha kukijua. Kabla ya kuandika, mtu ajiulize: Je, msomaji wangu anajua ni kipi ninachosema?

Pili, “yeye” ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hutenga “he” na “she”, na anayeandika kwa haraka huanza insha na mama mzazi na kuimaliza na mwanamume.

Tatu, alama ya -me- ina kazi zaidi ya moja. “Nimechoka” si “I have tired” bali ni “I am tired”, maana inaeleza hali aliyo nayo mtu. Lakini “nimeandika barua” ni “I have written a letter”. Na anayesema “ninaishi hapa tangu mwaka wa 2015” hawezi kuweka “I am living here since 2015”. Kiingereza husema “I have lived here since 2015”, kwa sababu jambo lilianza zamani na bado linaendelea.

Nne, kitenzi “kuazima” huenda pande zote mbili: mtu huazima kwa mwenzake, na mwenzake humwazima. Kwa Kiingereza anayepokea hufanya “borrow”, na anayetoa hufanya “lend”. Ndiyo maana “borrow me a pen” husikika kila siku, ingawa ni makosa. Vivyo hivyo “kusikia” kwetu huingia katika harufu na njaa, lakini Mwingereza hasikii harufu kwa “hear”; na redio, ambayo sisi huifungua, yeye haifungui kwa “open”.

Tano, jibu la swali lenye kukanusha. Mtu akiulizwa, “Hujala?” naye hajala, hujibu, “Ndiyo, sijala,” akikubali maneno ya muulizaji. Mwingereza katika hali hiyo hujibu “No”, kwa maana hatazami maneno ya muulizaji bali jambo lenyewe: chakula hakikuliwa. Kosa hili limeleta kutoelewana ofisini na hospitalini, si katika mtihani tu. Muuguzi akiuliza kwa Kiingereza kama mgonjwa hajanywa dawa, “Yes” na “No” si jambo la mchezo.

Sita, saa. Saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni “eight o'clock”. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huweza kumfikisha abiria wa hadithi yake kituoni saa sita kabla ya wakati.

Saba, herufi. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Maneno “though”, “through” na “cough” yanafanana mwisho kwa macho, lakini kwa sikio hayafanani hata kidogo. Hakuna kanuni moja itakayoyaeleza yote. Dawa ni kulisikia neno na kuliona kwa wakati mmoja.

KUSIKIA NA KUSEMA

Hilo la mwisho ndilo pengo kubwa la mwanafunzi wa mbali. Mtihani huuliza maneno yapi hutamkwa sawa ingawa huandikwa mbalimbali, na silabi ipi ya neno hutiliwa nguvu. Katika Kiswahili nguvu ya sauti karibu kila mara iko katika silabi ya pili kutoka mwisho, basi mtu hana haja ya kuifikiria. Katika Kiingereza inahama, na kuhama kwake huweza kugeuza maana: “record” likitiliwa nguvu mwanzoni ni jina, likitiliwa nguvu mwishoni ni kitenzi.

Aliye peke yake atumie redio. Idhaa ya BBC ilianza kufundisha Kiingereza hewani mwaka wa 1943, na masomo yake leo hupatikana katika intaneti pia. Asikilize sentensi moja, aikatize, airudie kwa sauti, asikilize tena. Asione haya kwa kuwa watoto wanacheka. Awaite wamsikilize na kumsahihisha, maana wao wana mwalimu kila siku. Kamusi nayo humsaidia. Ile ya A. S. Hornby, iliyotolewa na Oxford mwaka wa 1948, ilitungwa makusudi kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, na imechapishwa upya mara nyingi. Kamusi za aina hiyo huonyesha matamshi na namna neno linavyotumika katika sentensi, jambo ambalo kamusi ndogo ya tafsiri haiwezi kufanya.

KWA NINI WENGINE HUACHA NJIANI

Masomo ya mbali yana aibu moja inayojulikana kila mahali: wanaoanza ni wengi kuliko wanaomaliza. Sababu yake mara chache ni upungufu wa akili.

Wa kwanza huacha kwa upweke. Darasani mwanafunzi akishindwa huona kwamba mwenzake naye ameshindwa. Nyumbani hudhani ni yeye peke yake. Wawili au watatu wa mtaa mmoja wakikutana Jumamosi kusomeana insha zao, upweke huo hupungua.

Wa pili huacha kwa kucheleweshewa kazi. Kazi ikirudi baada ya miezi miwili, mwandishi amesahau alichoandika. Hili ni kosa la chuo, si la mwanafunzi. Kabla ya kulipa, mtu aulize kwa maandishi: Kazi yangu itarudi baada ya siku ngapi?

Wa tatu huacha kwa kupanga vibaya. Anasema atasoma saa sita kila Jumapili. Jumapili ya kwanza pana harusi, ya pili pana mazishi, ya tatu ng'ombe ameugua. Saa moja kila alfajiri kabla ya watu kuamka ina faida kubwa kuliko saa sita zisizokuja. Na mkulima aitazame kalenda ya shamba lake: asijipangie kazi nzito za masomo wakati wa kupanda na kuvuna.

Wa nne huacha kwa sababu ya nyumbani. Mke akijifunza usiku na mume akaona taa inawaka bure, au mume akijifunza na mke akaona amekimbia kazi, masomo hayatadumu. Afadhali jambo hilo lizungumzwe kabla ya kulipa karo. Familia iliyoshirikishwa hulinda saa ile moja. Ambayo haikushirikishwa huivunja bila kujua.

Wa tano huacha baada ya kuona alama ya kwanza. Mtu anayeheshimiwa kijijini, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa chama, anarudishiwa karatasi yenye wino mwekundu kila mstari. Ni uchungu. Lakini wino ule umeandikwa katika bahasha yake, hakuna aliyeuona ila yeye na mwalimu. Darasani angesahihishwa mbele ya watu arobaini.

TAHADHARI KABLA YA KULIPA

Cheti cha KCSE hutolewa na Baraza la Mitihani la Kenya peke yake. Chuo cha masomo ya mbali humtayarisha mtu, hakiwezi kumpa cheti hicho. Anayeahidi kumpatia mtu cheti bila kukaa mtihani anauza karatasi ya bandia, na mnunuzi huweza kupoteza fedha, kazi, na hata kushtakiwa. Mtu asiyesoma shuleni huweza kuandikishwa kama mtahiniwa wa binafsi, lakini uandikishaji una tarehe zake, na anayechelewa hungoja mwaka mwingine. Kwa kuwa mpango wa elimu wa Kenya unabadilika miaka hii, na mitihani inabadilika pamoja nao, kila mtu aulize Baraza au ofisi ya elimu iliyo karibu naye ni mtihani gani utakaokuwapo mwaka atakaokuwa tayari. Huko Tanzania, mtu mzima ambaye hakupita mtihani wa kidato cha pili hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, kisha huomba kufanya ule wa kidato cha nne.

Basi kabla ya kutoa fedha, mtu aulize mambo matano. Chuo hiki kimesajiliwa na nani? Karo yote ni kiasi gani, pamoja na vitabu na ada ya mtihani? Ni kazi ngapi nitakazosahihishiwa, na zitarudi baada ya siku ngapi? Nitaonana na mwalimu lini na wapi? Nikikwama katikati, kwa ugonjwa au kukosa fedha, je, naweza kuendelea mwaka ujao pale nilipoachia? Chuo chema hujibu maswali hayo bila kukasirika.

Tena mtu asianze na masomo saba kwa pamoja. Aanze na Kiingereza, na somo moja jingine, apime nguvu zake kwa miezi mitatu. Kiingereza ndicho kitakachomfungulia vitabu vya masomo mengine, kwa kuwa mengi ya masomo ya sekondari huandikwa kwa lugha hiyo. Aliyejifunza kusoma fungu gumu na kulifupisha kwa maneno yake mwenyewe amepata ufunguo wa historia, jiografia na elimu ya viumbe.

Cheti kinaweza kuja baada ya miaka miwili, mitatu au minne. Faida nyingine huja mapema zaidi. Siku mtu anapoweza kusoma mkataba wa mkopo kabla ya kuweka sahihi, au kuandika barua ya madai ya fidia bila kumlipa mwandishi wa barakoni, au kumweleza daktari maradhi ya mtoto wake bila mkalimani, masomo yamekwisha kuanza kumlipa.